Kununua Farasi wa Madoadoa Mombasa: Mwongozo Kamili

Farasi wa madoadoa huuzwa kwa macho ya mnunuzi, ilhali anayepaswa kuchunguzwa macho ni farasi mwenyewe. Jeni inayompa madoa ndiyo inayoweza kumnyima uwezo wa kuona gizani, na farasi wa jamii hii huugua uvimbe wa ndani ya jicho kuliko wengine. Ongeza jua la pwani juu ya ngozi ya waridi, unyevu unaozuia jasho kukauka, usubi wa jioni na mchanga wa ufuoni, utaona kwa nini farasi aliyependeza kule Laikipia anaweza kukushinda Bamburi.

Ndiyo maana mwongozo huu unayasoma madoa kama cheti cha daktari. Yalivyotawanyika hukuambia wapi pa kupapasa na saa ngapi ya kumpima.

Kwanza ujue ni madoa gani

Jina utakalolisikia zaidi ni Appaloosa, uzao uliokuzwa na watu wa kabila la Nez Perce kaskazini magharibi mwa Marekani. Chama cha kuusajili kilianzishwa huko mwaka 1938. Denmark wana wao, Knabstrupper, tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Wote wawili hupata madoa kutokana na jeni moja ambayo wataalamu huiita LP. Thoroughbred, yaani farasi wa mbio, hana jeni hii, na farasi wa Kiarabu halisi hana pia. Kwa hiyo ukiambiwa "huyu ni Mwarabu safi wa madoa" au "alikimbia uwanja wa mbio wa Ngong, ni Thoroughbred kamili", ama ukoo umechanganywa ama madoa hayo ni ya aina nyingine.

Mwenye LP hutambulika kwa dalili nne. Ya kwanza ni madoa yenyewe kwenye manyoya. Ya pili ni ngozi yenye mchanganyiko wa waridi na nyeusi, kama iliyonyunyiziwa wino, kwenye midomo, puani, kandokando ya macho, chini ya mkia na sehemu za siri. Ya tatu ni weupe unaoonekana kuizunguka mboni hata akiwa ametulia. Ya nne ni kwato zenye mistari ya wima, nyeupe na nyeusi, kwenye miguu ambayo haina soksi nyeupe. Akiwa na moja tu, shuku. Ngozi ya mchanganyiko pamoja na nyingine moja inatosha kukushawishi. Wengi pia huwa na singa chache shingoni na mkia mwembamba, jambo ambalo wauzaji hulificha kwa kusuka.

Wanaochanganywa naye ni hawa:

- Farasi wa kijivu aliyezeeka. Huzaliwa na rangi ya giza, akaenda akiwa mweupe mwaka baada ya mwaka, kisha akatokwa na vitone vidogo vya kahawia mwili mzima. Fungua manyoya: ngozi chini ni nyeusi kotekote, kwato za giza, midomo myeusi. Si uzao wa madoa. Huyu mtazame chini ya mkia, kwani farasi wa kijivu hupata vivimbe vyeusi vigumu mahali hapo wanapozeeka.
- Farasi wa mabaka. Ana mabaka makubwa meupe yenye mipaka kama ramani. Ni jeni nyingine kabisa, na hatari za macho zinazoletwa na LP hazimhusu.
- Farasi wa makovu. Kidonda cha tandiko kikipona huota manyoya meupe. Juu ya farasi wa rangi moja huonekana wazi. Juu ya farasi wa madoa hujificha vizuri mno. Papasa mabega na mgongo pale tandiko linapokaa: doa la kuzaliwa ni laini na ngozi yake ni sawa na ya pembeni, lakini kovu huwa na ngozi nene au iliyosinyaa na manyoya yake hulala ovyo.
- Farasi wa kupakwa. Piko na rangi za nywele hazipatikani kwa maharusi peke yao. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji ya sabuni, sugua doa jeusi moja la ubavuni na moja la kiunoni. Kisha fungua manyoya: kwa farasi mweupe wa madoa meusi, ngozi iliyo chini ya doa huwa nyeusi na iliyo kati ya madoa huwa ya waridi. Rangi ya dukani haiwezi kuigiza hivyo.

Jambo lingine la kujua kabla ya kubishana bei: madoa hubadilika. Mtoto anaweza kuzaliwa wa rangi moja akaota madoa baadaye, na aliyezaliwa wa giza anaweza kufifia hadi akabaki na kivuli tu kwenye mifupa ya uso, mabega na nyonga. Mwenye jeni ya kijivu pamoja na LP ataishia kuwa mweupe. Kwa hiyo anayekuuzia mtoto wa miezi sita kwa bei ya madoa anakuuzia ahadi.

Cheti cha usajili kikiwepo, kilinganishe na farasi: alama za uso, za kila mguu, mwaka wa kuzaliwa, namba ya chipu kama anayo. Kisipokuwepo, usilipe bei ya cheti. Ukitaka kuwa na hakika, ng'oa singa 20 hadi 30 pamoja na mizizi yake, zitie kwenye bahasha kavu ya karatasi na zipelekwe maabara ya jenetiki. Ile ya Chuo Kikuu cha California, Davis, hupima LP. Majibu yakisema ana nakala moja, ni farasi wa madoa asiye na tatizo la kuona usiku. Nakala mbili: watoto wake wote watabeba LP, lakini yeye mwenyewe haoni gizani.

Wauzaji wa Mombasa na unachoweza kutarajia

Mombasa haina mnada wa farasi kama ulivyo wa mbuzi. Utawapata kwa kuuliza. Kuna wenye farasi wa kupandisha watu ufuoni, Nyali, Bamburi, Shanzu na kule Diani. Kuna wenye farasi wa harusi, wale wa kumbeba bwana harusi. Kuna familia zinazohama na kuacha farasi wa watoto. Na kuna madalali wanaoleta kutoka bara.

Farasi wa ufuoni amezoea watu, watoto wanaopiga kelele na miavuli inayopeperuka, na hiyo ni thamani halisi. Madhara yake hukaa miguuni, mgongoni na tumboni. Wa harusi hashtuki kwa ngoma, ila mara nyingi hana mazoezi ya kutosha, kwa hiyo pumzi yake ipime kwa uangalifu. Wa familia mara nyingi ndiye bora, ila bei yake hubebwa na mapenzi ya watoto. Wa bara hajaonja joto lenu, na hilo ni suala zito tutakalolifikia.

Dalali si adui. Lakini sharti liwe moja: kabla ya bei kutajwa, uonane na mwenye farasi uso kwa uso au umpate kwenye simu mbele ya dalali. Asiyetaka hivyo ana sababu, na sababu hiyo itakugharimu wewe.

Ziara ya kwanza: asubuhi na mapema

Fika saa kumi na mbili na nusu, kabla hajatandikwa wala hajatembezwa. Zungumza kwa adabu: "Ami, naomba nimwone akiwa bado yuko bandani." Farasi anayechechemea akiwa baridi hunyooka akishapata joto, na mnunuzi anayekuja saa nne hukuta kazi imeshafanywa.

Simama mbali kwanza. Anasimama kwa miguu yote minne? Kupumzisha mguu mmoja wa nyuma ni kawaida. Kutanguliza mguu mmoja wa mbele na kuuondolea uzito si kawaida. Kisha pima, naye akiwa ametulia:

- joto la mwili kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa: 37.5 hadi 38.5;
- mapigo ya moyo: 28 hadi 44 kwa dakika;
- pumzi: 8 hadi 16 kwa dakika, na pwani kukiwa na joto inaweza kupanda kidogo;
- fizi: bonyeza kwa kidole, waridi irudi ndani ya sekunde mbili.

Pima uzito kwa futi ya fundi cherehani. Zungusha futi kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 11,880. Mzunguko wa 170 na urefu wa 160 hutoa kilo 389. Namba hii utaihitaji kwa dawa, chakula na lori, kwa hiyo iandike.

Umri usomwe mdomoni. Meno ya mbele ya utoto hubadilika akiwa na miaka miwili na nusu, mitatu na nusu na minne na nusu. Akiwa na mitano mdomo umejaa. Baada ya hapo tazama jino la pembeni la juu: mfereji wa kahawia huanza kuonekana kwenye ufizi karibu na miaka 10, hufika nusu ya jino akiwa na 15 na mwisho wa jino akiwa na 20. Ni makadirio, yanaweza kukosea kwa miaka miwili mitatu, lakini yanatosha kumkamata anayesema "ana saba" kwa farasi wa kumi na sita.

Usisahau mavi yake. Chukua madonge sita yaliyoanguka sasa hivi, ya juu yasiyogusa ardhi, yatie kwenye mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga pamoja na lita moja ya maji, vuruga, tundika kwa dakika 15. Papasa chini. Farasi anayelishwa juu ya mchanga humeza mchanga, nao hujikusanya utumboni hadi ukamletea msokoto wa tumbo. Mchanga mwingi chini ya mfuko unaongeza gharama ya matibabu. Mfuko kuwa safi hakumaanishi tumbo ni safi, kwani mchanga uliokaa tu hautoki.

Macho, na usiharakishe hapa

Appaloosa wana uwezekano wa mara nane hivi kuliko farasi wengine wa kuugua uvimbe wa ndani ya jicho unaojirudia, ule ambao wazee wa farasi waliuhusisha na mwandamo wa mwezi. Huja, hupoa, hurudi, na kila unaporudi huacha uharibifu. Kwa farasi wa madoa unaweza pia kwenda kimyakimya, bila wekundu wala machozi ya kukushtua, mpaka siku anapogonga mlango. Bakteria ya leptospira, inayosambazwa na mkojo wa panya na maji yaliyotuama, ni mojawapo ya vichochezi. Wakati wa masika Mombasa ina vyote viwili.

Mwingize kwenye banda lenye kivuli, shika tochi ndogo, ufanye hivi kwa kila jicho:

1. Simama mbele yake na ulinganishe macho mawili. Ukubwa ni sawa? Kope za juu zinaelekea upande uleule? Jicho lililosinyaa, au kope zinazoangalia chini upande mmoja, ni dalili ya maumivu ya zamani au ya sasa.
2. Elekeza tochi kwa pembeni. Sehemu ya mbele ya jicho iwe kama kioo. Ukungu wa buluu au utando mweupe haukubaliki, hata ukiambiwa ni vumbi.
3. Tazama mboni. Ya farasi imelala kama yai lililolazwa, na kingo zake ziwe laini. Kingo zilizokatikakatika au mboni isiyobanwa na mwanga huonyesha kuwa sehemu za ndani zimeshikana.
4. Mulika ndani ya mboni. Weupe kama maziwa ni mtoto wa jicho.
5. Sogeza kiganja haraka kuelekea jicho bila kupuliza upepo usoni. Apepese. Rudia upande wa pili.

Muuzaji akisema "alipigwa na jani tu", mwulize ni lini, nani alimtibu na kwa dawa gani. Jicho lililopigwa mara moja huwa na kovu moja juu yake. Jicho lililougua ndani kwa kujirudia huwa na uharibifu wa ndani, na hilo huwezi kulipatanisha na bei. Farasi mwenye jicho moja anaweza kufanya kazi nzuri kwa mtu mzima anayemjua. Wa kubebea watoto wa wageni ufuoni, hapana.

Ziara ya pili: magharibi

Zipite siku tano hadi saba. Dawa za maumivu kama fenilibutazoni humfanya mchechemeaji atembee kama bwana harusi, na nguvu zake hupungua siku zikipita. Usiseme utarudi lini hasa.

Fika saa kumi na mbili kasoro jioni, mwanga ukiwa unaaga. Tazama tena madoa. Farasi mwenye nakala mbili za LP mara nyingi huwa mweupe karibu mwili wote na madoa machache mno, au ana kiuno cheupe kitupu kisicho na madoa ndani yake. Mwenye nakala moja kwa kawaida huwa na madoa mengi makubwa yaliyojaa ndani ya weupe. Kwa maneno mengine, yule mweupe zaidi, anayetoka vizuri kwenye picha za harusi, ndiye anayeelekea zaidi kutoona gizani.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Laza mti au bomba la plastiki chini kwenye njia asiyoizoea. Mwongoze kwa kamba iliyolegea, kwanza mwanga ukiwepo, kisha giza likishaingia. Anayeona hupunguza mwendo, huinamisha kichwa na kuvuka. Asiyeona hukanyaga, hujigonga au husimama na kukataa, masikio yakizunguka kutafuta sauti. Ajaribiwe pia kutoka kwenye taa ya umeme kuingia gizani.

Kutoona usiku hakuzidi kwa umri na hakuna tiba. Farasi wa namna hii anafaa kabisa kwa kazi ya mchana. Asipandwe jioni, asisafirishwe gizani, na taa ibaki ikiwaka bandani. Ikiwa kazi yako ni harusi za usiku, mwache.

Miguu, mgongo na ngozi

Mkimbize mwendo wa matiti, yaani mbio ndogo, kwenye sakafu ngumu, si mchangani, mchanga huficha. Umbali wa mita 30 kwenda na kurudi, kamba iwe imelegea. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa hunyanyuka mguu huo unapogusa chini. Wa nyuma ukiuma, upande mmoja wa nyonga hupanda na kushuka zaidi ya mwingine. Kisha azungushwe duara la mita 10 kulia na kushoto. Papasa kano za nyuma ya miguu ya mbele kuanzia goti kwenda chini: ziwe baridi, zimekaza kama kamba, bila uvimbe. Farasi wa ufuoni hufanya kazi kwenye mchanga mzito unaobadilika ghafla kuwa mgumu, na kano ndizo hulipa.

Kwato za mistari si dhaifu kuliko nyeusi, puuza maneno hayo. Angalia badala yake nyufa, visigino vilivyoshuka na harufu ya kuoza katikati ya nyayo, ambayo Mombasa hutokana na banda lisilokauka. Uliza fundi wa kwato alipita lini. Wiki sita hadi nane ni sawa. "Hana haja" si jibu.

Sehemu zote za waridi zipapaswe kwa kidole: kingo za kope, puani, midomoni, chini ya mkia, sehemu za siri. Unatafuta kidonda kisichopona, kigaga kinachorudi au kinundu kama koliflawa. Ngozi isiyo na rangi huungua kwa jua na inaweza kupata saratani, na kope ndiyo sehemu ya kutazamwa zaidi. Farasi wa waridi machoni anahitaji barakoa ya wavu ya kuzuia jua na inzi kila siku. Mafuta ya kukinga jua ya watu, yasiyo na manukato, yanafaa puani.

Jasho

Hapa ndipo farasi wengi wa bara huwashinda wanunuzi wa pwani. Joto lenye unyevu likimzidi kwa wiki au miezi, baadhi ya farasi huacha kutoka jasho. Hapo injini inabaki bila maji ya kupooza.

Mfanyishe matiti kwa dakika 15 hivi mchana, si saa sita ya jua kali. Shingo, kifua na mbavu zilowe. Akiwa anahema kwa nguvu, pua zimepanuka, na ngozi imekauka isipokuwa kidogo chini ya singa, chini ya tandiko na katikati ya miguu ya nyuma, acha kazi papo hapo. Mwagie maji baridi mfululizo mwili mzima bila kungoja kuyapangusa. Farasi mzima pumzi yake huanza kushuka ndani ya dakika 10 na hukaribia kawaida kufikia nusu saa. Dalili nyingine za tatizo la muda mrefu ni manyoya makavu, yenye vumbi, yanayokatika usoni.

Aliyeko Mombasa tangu zamani na anatoka jasho vizuri mwezi wa Februari ana thamani ya ziada, mlipie. Wa bara anunuliwe ikiwezekana wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, ili azoee kabla ya joto la kaskazi.

Daktari wa mifugo ni wako

Usimtumie daktari wa muuzaji, hata akiwa mwema. Awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board na awe amewahi kushughulika na farasi. Ng'ombe elfu moja hawamfundishi mtu jicho la farasi. Mwombe achunguze moyo na mapafu kabla na baada ya kazi, apime macho kwa kifaa akiwa ameweka matone ya kupanua mboni, akunje miguu kwa majaribio ya uchechemeaji, na achukue damu. Damu hiyo ipimwe ndigana ya farasi iletwayo na kupe na vimelea vya nagana hasa akitoka upande wa Shimba Hills kwenye mbung'o, na sehemu ihifadhiwe kwenye jokofu kwa ajili ya kupima dawa za maumivu au za kutuliza ikihitajika. Muuzaji akiona damu inachukuliwa, mara nyingi hukumbuka mambo aliyokuwa ameyasahau.

Kadi ya chanjo iwe na tarehe na stempu. Muhimu kuliko zote ni ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi na unaoweza kuua hadi farasi tisa kati ya kumi wasio na kinga. Punda huubeba bila kuonekana kuugua, na pwani hii haina uhaba wa punda. Chanjo hutengenezwa nchini na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo. Kama hakuchanjwa mwaka huu, achanjwe alipo na usubiri angalau wiki tatu kabla ya kumhamisha. Pepopunda na kichaa cha mbwa zifuatie.

Maandishi na malipo

Mkataba uwe wa Kiswahili au Kiingereza mnachoelewa nyote, mbele ya mashahidi wawili. Uandike jina na namba ya kitambulisho cha kila upande, maelezo ya farasi, umri, uzito uliopima, bei, na kauli ya muuzaji juu ya macho, miguu, jasho na dawa alizopewa siku 14 zilizopita. Ambatanisha picha nne: kulia, kushoto, mbele, nyuma. Farasi wa madoa ana faida hapa, kwani mpangilio wake haufanani na wa mwingine. Piga pia picha ya karibu ya doa moja la kila ubavu. Weka kipengele kwamba majibu ya damu yakipingana na kauli ya muuzaji, fedha zinarudi ndani ya siku kadhaa mtakazoziandika.

Pata barua ya chifu wa eneo la muuzaji kuthibitisha umiliki. Lipa kwa benki au M-Pesa ili kuwe na kumbukumbu. M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja, kwa hiyo panga mapema badala ya kubeba noti. Arbuni isizidi sehemu ya kumi na iandikwe kuwa inarudishwa daktari akimkataa.

Kumleta nyumbani

Kibali cha kuhamisha mifugo hutolewa na ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo anakotoka, na akivuka kaunti, ofisi ya anakokwenda itakubali kwanza. Kisome kinasema nini kuhusu saa za safari na njia, kwani polisi barabarani watakisoma.

Kabla ya kulipa salio, mwone akipandishwa kwenye lori. Anayekataa kupanda leo atakataa njiani, Mtito Andei. Sakafu iwe na zulia la mpira au vumbi la mbao lenye unyevu, kuta zifike juu ya kifua, pembe za chuma zifunikwe. Kutoka Nairobi ni karibu kilomita 485. Simama kila saa tatu hadi nne umpe maji na kamba ndefu ya kuinamisha kichwa. Farasi aliyefungwa kichwa juu safari nzima hushindwa kusafisha koo na hufika na homa ya mapafu, ambayo huonekana siku ya pili au ya tatu. Pima joto lake asubuhi na jioni kwa siku tano.

Kutoka Diani kuja mjini, pita barabara ya Dongo Kundu. Feri ya Likoni, na honi zake na ngazi ya chuma, si mahali pa kumfahamu farasi mgeni.

Bandani aingie kabla ya jua kuzama na atoke jua likiwa limepanda, feni ikivuma na madirisha yakiwa na wavu mwembamba. Chandarua cha mbu cha kawaida kina matundu makubwa kwa usubi. Farasi wa kilo 400 anahitaji kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu kwa siku, yaani marobota 12 hadi 20 ya kilo 12 hadi 15 kwa mwezi. Zilishwe ndani ya hori au juu ya zulia, kamwe si mchangani. Maji lita 40 yasikose, na chumvi kijiko kikubwa kimoja hadi viwili kwa siku. Pumba za mahindi zilizopata ukungu huua ubongo wa farasi, na ghala la Mombasa hupata ukungu haraka, kwa hiyo nunua kidogo kidogo. Chakula cha kuku au cha ng'ombe chenye dawa iitwayo monensini ni sumu kwake hata kikiwa kidogo. Mwambie saisi, yaani mtunza farasi, hivyo siku ya kwanza, na umwonyeshe gunia lenyewe.

Wiki mbili za mwanzo kazi iwe nyepesi, dakika 20 asubuhi. Tazama macho kila siku kabla ya chakula. Akifumba jicho moja, akitoka machozi au akiligeuza kukwepa mwanga, mwingize gizani na umwite daktari siku hiyo hiyo. Usimpake dawa ya macho iliyobaki nyumbani: nyingine zina steroidi, na kama jicho lina kidonda juu yake, linaweza kutoboka.